Mkato mmoja, na barua ikaenda kwa Mushi mwingine

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa SACCOS ya wafanyakazi hapa Moshi. Wiki iliyopita nilituma kumbukumbu za kikao cha mikopo kwa wajumbe 12. Majina na anwani nilinakili kutoka kwenye orodha yetu ya Excel, ambayo imeandikwa hivi: Mushi, Neema <nmushi@example.com>. Wajumbe wote wameipata. Lakini zimenirudia barua 7 zikisema mpokeaji hayupo, na Mushi wa idara nyingine kabisa, ambaye simjui, amenipigia simu kuuliza kwa nini nimemtumia majina ya watu wanaodaiwa. Mwenyekiti naye amenuna, kwa sababu kwenye barua niliyomtumia kwa simu jina lake limetokea "Mzee wa Kuchelewa". Halafu nikimwandikia mjumbe wetu Ng'umbi kwa simu, wenzangu wanaona jina lake kama =?UTF-8?Q?Ng=E2=80=99umbi?=. Anwani nimezihakiki moja moja, zote ni sahihi. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, katibu. Pole kwa simu ya Mushi, na pole kwa mwenyekiti.

Nakuamini kwamba anwani ni sahihi. Shida ni kwamba programu haikuzisoma kama ulivyozisoma wewe. Fungua barua moja kati ya zile 7 zilizorudi, utafute mstari wenye namba 550, ambayo ni namba ya seva (kompyuta inayopokea na kugawa barua) kusema "huyu kwangu hayupo". Karibu yake imeandikwa anwani iliyokataliwa. Tuseme ni ya mjumbe Joseph Swai: sitarajii ukute jswai@example.com uliyoihakiki. Utakuta swai@example.com, anwani ambayo hujaiandika popote. Programu ndiyo iliyoiandika kwa niaba yako, na kilichoisukuma ni ule mkato ulio kati ya jina la ukoo na jina la kwanza.

(Umefanya vizuri kuficha kikoa chenu halisi, yaani ile sehemu inayofuata @, nyuma ya example.com. Kikoa hicho kilitengwa rasmi mwaka 1999 kwa ajili ya mifano, kwa hiyo nami nitaendelea nacho bila hofu ya kumsumbua mtu.)

Wewe ukiona "Mushi, Neema" unaona mtu mmoja, kwa sababu unawajua akina Mushi na unamjua Neema. Programu haina ujuzi huo. Inapita herufi moja baada ya nyingine kutoka kushoto ikitafuta alama chache tu: mkato, nuktamkato, nukta pacha, alama za kunukuu, mabano ya kawaida, mabano ya pembe na @. Kanuni za usomaji huo ziliandikwa mwaka 1982, zikapitiwa upya mwaka 2001 na tena 2008, na katika zote tatu kazi ya mkato ni ileile: mpokeaji mmoja ameishia hapa, anayefuata anaanza. Basi mistari miwili ya orodha yako, tuseme ya Mushi na Swai, ilisomwa hivi:

Mushi
Neema <nmushi@example.com>
Swai
Joseph <jswai@example.com>

Ndiyo maana wajumbe wote walipata. Neema yuko hapo na anwani yake kamili ndani ya mabano ya pembe, ila jina lake limekatwa likabaki Neema peke yake. Kilichoongezeka ni "Mushi" aliyesimama mwenyewe, hana @, hana kikoa.

Hapa ndipo programu zinapotofautiana, na tofauti hiyo ndiyo iliyokuumiza. Nyingine zingeweka rangi nyekundu na kukataa kutuma mpaka urekebishe, na laiti yenu ingekuwa miongoni mwa hizo. Nyingine huingia kwenye kitabu cha anwani na kuokota Mushi wa kwanza wanayemwona. Nyingine, hasa zile zilizofungwa kwa ajili ya ofisi moja, humalizia zenyewe kwa kuambatisha kikoa cha ofisi: Mushi anakuwa mushi@example.com. Tabia hiyo ina historia ya heshima. Kabla ya barua kuanza kusafiri kati ya kompyuta na kompyuta, watu wa ofisi moja walishirikiana mashine moja kubwa, na kuandika jina tupu kulitosha. Alama ya @ iliingia mwaka 1971, pale Ray Tomlinson wa kampuni ya BBN huko Marekani alipotafuta kitu cha kutenganisha jina la mtu na jina la mashine. Aliichagua kwa sababu haikuwa ikitumika ndani ya majina ya watu. Mkato haukuwa na bahati hiyo: ulikuwa tayari kwenye majina, kwenye kila rejista ya shule na kila orodha ya mishahara inayotanguliza ukoo.

Na kwenye ofisi yenye watu wengi wa Kilimanjaro, anwani kama mushi@ au massawe@ karibu lazima iwe na mwenyewe. Yule wa kwanza kuajiriwa mwenye ukoo huo ndiye aliyepewa jina fupi. Niliwahi kusimamia seva ya ofisi moja ambako mzee mmoja mwenye anwani ya namna hiyo alikuwa akipokea hati za mishahara za watu wa ukoo wake kwa miezi, akizifuta kimyakimya kwa kudhani ni makosa ya mara moja. Hakuna aliyejua mpaka alipostaafu na barua zikaanza kurudi. Tangu hapo nikiona orodha yenye "ukoo, jina" moyo hunidunda.

Sasa tuhesabu pamoja, maana hesabu hii ni nzito kuliko unavyodhani. Wajumbe 12 wenye mkato kila mmoja ni wapokeaji 24. Wale 12 halali wamepata. Kati ya majina 12 ya ukoo yaliyobaki, 7 yamerudi na Mushi mmoja amepiga simu. Zinabaki 4. Kama wajumbe wawili wana ukoo mmoja, seva huenda ilituma nakala moja tu kwa jina hilo, kwa hiyo idadi inaweza kupungua kidogo. Lakini barua ambayo haikurudi kwa kawaida imepokelewa. Kuna watu wenye kumbukumbu zenu za mikopo ambao bado hawajakupigia. Nitarudi kwao.

Dawa ya mkato ni alama za kunukuu. Kilichomo ndani yake programu hukichukua kama jina zima, na mkato ulio ndani hupoteza nguvu yake:

"Mushi, Neema" <nmushi@example.com>

Angalia vizuri alama zenyewe. Lazima ziwe zile zilizosimama wima, zinazotoka kwenye kitufe bila kupambwa. Ukiandika orodha yako kwenye Word, itazigeuza kuwa zile zilizopinda, moja ya kufungua na moja ya kufunga. Kwa jicho la binadamu zimependeza zaidi. Kwa programu ya barua hizo ni herufi tu kama herufi nyingine, hazilindi chochote, na mkato utakata kama kawaida. Nimeshuhudia watu wakiapa kwamba wameweka alama za kunukuu na bado barua imepotea, na walikuwa wanasema kweli.

Kwa kuwa orodha yako iko Excel, hakuna haja ya kuhangaika na mkono. Weka jina kwenye safu A na anwani tupu kwenye safu B, kisha kwenye safu C andika =CHAR(34)&A2&CHAR(34)&" <"&B2&">" na uivute hadi chini. Namba 34 ni ile alama iliyosimama wima, na Excel haitaipinda. Ila kusema ukweli, mimi ningenakili safu B peke yake. Majina hayasaidii barua kufika. Seva ya kwenu inapozungumza na seva nyingine, kwanza inataja bahasha, na kwenye bahasha mna anwani tu: RCPT TO:<nmushi@example.com>. Neema Mushi, Mama Neema, Mheshimiwa Mweka Hazina, yote hayo yamo ndani ya karatasi, na seva haiyasomi ili kujua pa kupeleka.

Jambo moja la kukuchanganya zaidi, nikwambie mapema. Outlook ya kwenye kompyuta, ilivyo kiwandani, hutenganisha wapokeaji kwa nuktamkato, kwa sababu makampuni mengi yanayoitumia huandika wafanyakazi wake kwa mtindo wa ukoo kwanza. Kuna mpangilio wa kuiruhusu ikubali mkato pia. Hivyo orodha ileile inaweza kwenda salama kwa mwenzako wa Outlook, ikavurugika kwako unayetumia kivinjari. Usikubali mtu akwambie "mbona kwangu inafanya kazi" kama ushahidi kwamba wewe ndiye uliyekosea.

Alama nyingine zina visa vyake, ila vidogo. Nukta kwenye "Dr. Swai" kisheria ilitakiwa ilindwe na alama za kunukuu, lakini programu karibu zote huisamehe. Mabano ya kawaida, kama Neema Mushi (Mweka Hazina), huchukuliwa kuwa maelezo ya pembeni, na programu ina ruhusa ya kuyatupa. Nukta pacha ndiyo ya kuogopa: ukiandika "Katibu: Asha <asha@example.com>" kanuni inasema umeanzisha kundi linaloitwa Katibu, na kundi hufungwa kwa nuktamkato ambayo hukuiweka. Vyeo usivitenganishe kwa nukta pacha. Herufi kubwa na ndogo zisikusumbue: upande wa kikoa hazina maana kabisa, na upande wa kushoto wa @ seva inaruhusiwa kuzitofautisha lakini ni nadra kukuta inayofanya hivyo. Nukta katikati ya anwani za Gmail hazihesabiwi, n.mushi na nmushi ni kikasha kimoja. Kwenye seva nyingine usijaribu, huenda ni watu wawili.

Nije kwa mwenyekiti.

Barua zako za simu huchukua jina kutoka kwenye namba na anwani ulizohifadhi. Ulimhifadhi kama Mzee wa Kuchelewa, labda siku ambayo kikao kilianza saa tano badala ya saa tatu, na ukasahau. Ulipomchagua kwenye orodha, programu iliandika ndani ya barua: Mzee wa Kuchelewa <mwenyekiti@example.com>. Jina hilo lilisafiri. Watu wengi hudhani jina la kwenye simu ni siri ya mwenye simu, kama ilivyo unapopiga simu ya kawaida. Kwenye barua pepe siyo. Kila aliyewekwa kwenye barua hiyo anaweza kuliona, anayejibu wote hulisambaza tena, na kuna programu zinazolihifadhi kwa mpokeaji ili zimpendekezee siku nyingine. Wewe mwenyewe usingeligundua, kwa sababu kwako ndilo jina la kila siku, na kuna programu zinazoonyesha jina lililo kwenye kitabu cha msomaji badala ya lile lililotumwa, kwa hiyo huenda kuna waliopata barua hiyo wakaona jina lake la kawaida.

Nenda leo kwenye simu yako, upitie kila jina lenye anwani ya barua pepe. Wale wa "Usipokee", "Fundi Mwongo", "Boss Mkali", wape majina yao. Kama unahitaji alama ya kumkumbuka mtu, iweke kwenye sehemu ya maelezo. Na mwenyekiti mwombe radhi ana kwa ana. Hii siyo ya kumaliza kwa barua.

Sasa Ng'umbi, na hili linanigusa. Barua pepe ilizaliwa kwa herufi 128 za Kiingereza tu. Ritifaa (ile alama ya ') iliyosimama wima, ile ya kwenye kibodi ya kompyuta, imo ndani ya hizo 128, na kanuni inairuhusu kwenye jina na hata kwenye anwani yenyewe. Kina Ng'umbi, Ng'ang'a na Nyong'o hawana kosa lolote kwenye kanuni. Lakini simu yako, kwa kutaka urembo, hubadilisha ritifaa iwe ile iliyopinda, na hiyo haimo kwenye 128. Ili isafiri, programu huifunga kwa kanuni ya mwaka 1996: UTF-8 inataja aina ya herufi, Q inataja namna ya kufunga, na E2=80=99 ni ritifaa iliyopinda ikiwa imevunjwa vipande vitatu. Programu ya mpokeaji ilitakiwa kuifungua na kuonyesha Ng'umbi bila mtu kujua lolote. Haikufungua, na sababu inayonijia kwanza ni kwamba kifurushi hicho kiliwekwa ndani ya alama za kunukuu. Kanuni inakataza hilo waziwazi: ndani ya alama za kunukuu kila kitu husomwa kama kilivyo, pamoja na kifurushi.

Tiba ni kumhifadhi upya kwa ritifaa iliyosimama. Kwenye simu nyingi ukibonyeza kitufe cha ritifaa kwa muda unaletewa aina zake uchague, na kwenye mipangilio ya kibodi unaweza kuzima alama zilizopinda. Usimwandike "Ngumbi" ili yaishe. Ng' na ng ni sauti mbili kwenye Kiswahili, anayesoma "ngumbi" hatamki jina la mtu huyo. Kwenye anwani tu ndipo ninaposhauri ritifaa iachwe, kwa sababu fomu nyingi za mtandaoni huikataa ingawa kanuni inaikubali, na mwenye jina ndiye anayebaki akihangaika kujisajili. Tangu mwaka 2012 kuna kanuni inayoruhusu herufi za dunia nzima hata upande wa kushoto wa @, lakini inahitaji seva zote za njiani ziikubali, na huwezi kuwa na hakika ya njia nzima.

Kuna mawili hukuyauliza, nami sitaki nikuache bila kuyasikia kwa kuwa unashika taarifa za fedha za watu.

La kwanza ni mapendekezo. Ukiandika "Ne" programu inakuletea Neema, na wewe unabonyeza. Anayekuja juu huwa ni yule uliyemwandikia sana, hata kama alihama kazi, hata kama anwani yake ya zamani ilikosewa kikoa. Kosa moja la kikoa likishaingia kwenye mapendekezo linajirudia lenyewe. Ukiacha herufi moja kwenye .com unaweza kuangukia .om ya Oman, .co ya Kolombia au .cm ya Kameruni. Mwaka 2023 vyombo vya habari viliripoti kwamba kwa miaka mingi barua za jeshi la Marekani, ambazo zilitakiwa kwenda .mil, zilikuwa zikiangukia .ml, kikoa cha Mali, kwa kukosa herufi moja. Kwa hapa kwetu wanaochanganywa zaidi ni .co.tz, .or.tz na .go.tz. Pendekezo bovu lifute mara unapoliona. Kwenye programu nyingi kuna alama ya X pembeni yake, au uliweke chini ya mshale kisha ubonyeze kitufe cha kufuta.

La pili ni wizi. Kwa vile jina ni maandishi ya hiari, yeyote anaweza kujiita "Mwenyekiti wa SACCOS" na kuandika kutoka anwani yoyote. Anaweza hata kuweka anwani ya kweli ya mwenyekiti mahali pa jina, yake halisi ikabaki ndani ya mabano ya pembe. Simu nyingi huonyesha jina peke yake. Kinga zilizowekwa kwenye seva, SPF, DKIM na DMARC, hukagua kikoa, jina haziligusi. Kwa hiyo barua ya kuagiza pesa itoke inaweza kupita ukaguzi wote na bado ikawa ya tapeli aliyetumia kikoa chake mwenyewe kihalali. Kabla hujatekeleza, gusa jina ili anwani ionekane, kisha mpigie mhusika kwa namba uliyonayo siku zote.

Kwa barua zijazo, jizoeze kuhesabu. Ukishabandika, programu nyingi hugeuza kila mpokeaji kuwa kidonge chake. Wajumbe ni 12, vidonge viwe 12. Ukiona 24, au ukiona kidonge kimeandikwa jina tupu la ukoo, simama hapo hapo. Na kumbukumbu za mikopo usiziache wazi: ziweke kwenye kiambatisho chenye nenosiri, ulilowapa wajumbe kwa simu.

Nimeahidi kurudi kwa wale 4. Barua iliyokwisha kupokelewa na seva huwezi kuivuta. Kitufe cha kurudisha barua kwenye Outlook hufanya kazi pale tu mtumaji na mpokeaji wanapotumia mfumo mmoja wa ofisi moja, na hata hapo siyo kila mara. Fungua nakala yako kwenye barua zilizotumwa, orodhesha majina ya ukoo yote 12, toa yale 7 yaliyorudi na ukoo wa Mushi. Waliobaki mpelekee orodha msimamizi wa mfumo wa ofisi. Yeye anaona kwenye kumbukumbu za seva ni vikasha vipi vilivyopokea na saa ngapi. Kisha wapigie wenyewe, na Mushi pamoja nao, uwaombe wafute na wathibitishe. Mweleze pia mwenyekiti na wale ambao madeni yao yalitajwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na deni la mtu ni taarifa yake binafsi. Afadhali walisikie kwako wiki hii kuliko kwa Mushi wa idara nyingine.